Kimya cha Chumba

Kimya kile kilikuwa na mtu ndani yake.

Redio, kama walivyomwita binti yule, alikigundua asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha chuo, wenzake wakigombania viti na kuazimana chaja pembeni yake. Alikuwa amevaa hedifoni, anahariri kipindi. Akasimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Hakukuwa na kikohozi, wala kiatu kilichoburuzwa, wala mbu. Lakini wewe mwenyewe unajua: ukiingia chumba chenye giza na kuna mtu amejibanza nyuma ya mlango, humwoni wala humsikii, ila unajua yupo, kwa sababu amebana pumzi. Ndivyo kilivyokuwa kimya kile.

"Hebu sikiliza hapa," alimwambia Mrefu, akamvisha hedifoni.

Mrefu ndiye aliyekuwa mwenzake katika mradi, kijana aliyezoea kuinama kila mlango kabla hata hajaukaribia. Alisikiliza huku amekunja uso.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hicho hicho."

"Redio, hiki ni kimya. Kimya hakina kitu ndani. Ukianza kusikia mambo kwenye kimya, nenda kale kwanza."

Redio akacheka, na kicheko chake kikamfanya msimamizi wa chumba ainue kichwa. Kicheko kile kilikuwa maarufu. Jina lenyewe la Redio alipewa na majirani angali mdogo, kwa sababu alikuwa hana breki mdomoni: akiamka anaongea, akioga anaongea, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini anatoa taarifa ya habari. Mama alikuwa fundi cherehani. Macho yalimzimika kidogo kidogo mpaka akabaki anaona mwanga na kivuli tu, na tangu hapo domo la binti yake halikuwa kero tena. Kwa sauti ile alijua binti yuko jikoni au yuko uani, na kama ana furaha au ana jambo. Wakikaa karibu, Mama alikuwa na tabia ya kumwekea vidole viwili mdomoni wakati anaongea. "Nataka nilione neno likitoka," alikuwa akisema. Nyumba yao ilikuwa ya watu wawili tu, na sauti moja ndiyo iliyokuwa taa yao.

Walikuwa mwaka wa mwisho, wanasomea utangazaji, na muhula ule mhadhiri wao, ambaye wote walimwita Madamu, aliwafundisha redio na video za muziki kwa pamoja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuweza kusimamisha lori.

"Redio ni sauti isiyo na mdomo," alikuwa akisema huku anazunguka kati ya viti. "Video ya muziki ni mdomo usio na sauti. Yule msanii mnayemwona anaimba juu ya boneti la gari haimbi chochote, jamani. Wimbo unapigwa kwenye spika, yeye anachezesha midomo. Sauti ilirekodiwa siku nyingine, kwenye chumba kingine. Mdomo na sauti havijawahi hata kusalimiana. Anayekuja kuvifungisha ndoa ni mhariri."

Kisha aliwaonyesha video ambayo yeye mwenyewe aliiharibu makusudi, akasogeza wimbo mbele kidogo tu. Darasa zima likaanza kujikuna na kucheka ovyo. Hawakuona kosa, ila walikosa raha.

"Mdomo ukichelewa, hata kwa kiasi cha kufumba jicho, mtu anahisi anadanganywa," Madamu alisema. "Hatajua ni nini. Lakini atahisi."

Mradi wao ulikuwa kutengeneza kipindi cha redio kuhusu namna video ya muziki inavyopigwa. Redio na Mrefu walimpata mcheza shoo mmoja wa video hizo, mwenye maneno mengi, wakamhoji katika studio ya zamani, ile ya mwisho wa korido, kwa kuwa studio mpya ilikuwa imeshikwa na wajanja wa darasa. Kuta za studio ile zilibandikwa trei za mayai, na chini kulikuwa na kapeti ambalo hakuna aliyekumbuka lilinunuliwa likiwa na rangi gani.

Na baada ya mahojiano kuna jambo ambalo kila anayesomea sauti hufundishwa. Kila chumba kina kimya chake. Kimya cha jikoni si kimya cha darasani. Kwa hiyo kabla ya kutoka, unarekodi chumba kikiwa kitupu, watu wote wameganda, ili baadaye ukikata vikohozi na vigugumizi uwe na cha kuziba mashimo. Anayerekodi anatamka, "Kimya cha chumba." Akipata cha kumtosha anatamka, "Tumemaliza," na wote wanapumua. Aliyefungua ndiye afunge, Madamu alisisitiza, mhariri ajue kimya kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Hakuna aliyedhani kuna sababu nyingine, na Madamu mwenyewe hakuwa nayo.

Siku ile mcheza shoo alishaondoka. Mrefu alikuwa amebeba stendi za kamera kuzirudisha stoo. Redio alibaki peke yake mbele ya maiki, na kumwacha Redio peke yake na maiki ni kutafuta matatizo.

"Kimya cha chumba," alitamka kwa sauti nzito ya mzaha. "Waliomo wote watulie. Wanaoonekana na wasioonekana."

Akatulia naye, anajizuia kucheka. Ndipo akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu iliyokaa sana bila kuwashwa, na hakukuwa na balbu yoyote iliyowaka karibu naye. Hakupata muda wa kuitafuta. Mlango ulifunguliwa, kichwa cha Mrefu kikaingia kimeinama.

"Toka basi, Madamu anafunga stoo! Kinasa sauti kikilala nje tumekwisha!"

Redio alikibonyeza kinasa sauti kikazima, akakikwapua, akatoka mbio. Neno la kufunga hakulitamka.

Hayo yote hakuyakumbuka asubuhi ile kwenye kompyuta. Alikitandika kile kimya chini ya kipindi kizima, mwanzo hadi mwisho, kama shuka chini ya mtu, maana ndivyo inavyofanywa. Halafu akapiga kipindi kwa mara ya kwanza asikilize alivyokifungua. Mcheza shoo alisikika. Mlio wa mlango wa gari alioupachika ulisikika. Sauti yake yeye, ile salamu yake ya kuwakaribisha wasikilizaji aliyoifanyia mazoezi siku nzima, haikuwepo. Mawimbi yake yalionekana kwenye kioo cha kompyuta, yamepanda na kushuka vizuri kabisa, ila kwenye masikio palikuwa patupu, na katika utupu ule kuna aliyekuwa amebana pumzi.

Alirekodi salamu upya. Ikapotea nayo.

Kesho yake Madamu aliita majina. Redio aliitikia "Nipo!" kama kawaida yake, na Madamu akaliita jina lake tena. "Nipo, Madamu!" Madamu akaangaza macho juu ya vichwa vya watu, akatikisa kichwa, akaenda kwa anayefuata. Mrefu akampiga kiwiko.

"Itikia basi, unaandikwa hayupo."

"Si nimeitika!"

"Unanong'ona nini?"

Sauti haikumkauka, wala haikukwaruza. Ilipungua tu, kama vile kuna mtu chumba cha pili ameshika kitufe na anakizungusha taratibu. Daktari wa zahanati alimmulika kooni, akasema koo ni safi la kupigiwa mfano, akampa vidonge vya kumung'unya. Redio akavimung'unya vyote. Lakini vidonge vya koo vingesaidia nini, ikiwa hata viatu vyake vilikuwa vimeacha kulia? Alikuwa na viatu vya kisigino kigumu ambavyo Mama alivisikia tangu mwanzo wa mtaa. Sasa alitembea koridoni na sakafu haikumjibu. Alikoroga chai, kijiko hakikugonga kikombe. Alipiga makofi mbele ya uso wake mwenyewe, akaona viganja vinakutana, akahisi vinavyowasha, na hakuna kilichosikika, na hofu ya kweli ikamshika hapo.

Jioni aliingia nyumbani, akamkuta Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, amegeuza sikio kuelekea mlangoni.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Nani huyo? Sema!"

Redio akakimbilia miguuni pake, akamshika magoti. Mama alishtuka, kisha akanusa nywele zake, akaguna kwa nafuu. "Mwanangu! Mbona unaingia kama mwizi? Hata mlango sikuusikia." Akanyoosha mkono, akaweka vile vidole viwili mdomoni mwa binti yake. "Haya, nipe habari za huko."

Redio akaongea. Alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alimwambia Mama kwamba anaogopa, kwamba hajui kinachomtokea, kwamba asimwache. Vidole vya Mama vilitulia juu ya midomo ile inayokwenda na kurudi, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Unanitania?" alinong'ona. "Nakuhisi unaongea. Mdomo huu hapa unakwenda. Sasa neno liko wapi, mwanangu?"

Akaondoa vidole kama aliyegusa sufuria la moto. Usiku huo kila mmoja alilala macho, na kati yao hapakupita sauti yoyote, isipokuwa Mama aliyekuwa akiuliza gizani kila mara, "Upo?" na kulazimika kunyoosha mkono ili ajijibu mwenyewe.

Asubuhi Redio alimwandikia Mrefu ujumbe mrefu wa simu, akamweleza kila kitu, hadi mzaha wake wa wasioonekana. Walikutana chumba cha kompyuta kabla watu hawajajaa. Mrefu hakucheka. Alivaa hedifoni, akafungua kile kimya peke yake, bila kipindi juu yake, akasikiliza. Redio alimwona anavyobadilika rangi. Akazivua hedifoni, akamvisha Redio.

Ndani ya kimya, mbali, kama mtu anayejifunza kusoma, sauti ya Redio ilikuwa inaongea.

*Mama, maji yamechemka. Mama, usiguse, nitamwaga mimi. Mama. Mama. Nimerudi, Mama.* Ilitamka, ikasimama, ikarudia, safari hii vizuri zaidi, na ule mvuto wa mwisho wa neno ambao ni wake yeye tu, ambao majirani walikuwa wakimwigiza. Maneno yale hakuyarekodi popote. Yalikuwa maneno ya jikoni kwao.

"Lifute faili," Redio aliandika kwenye simu.

Mrefu akalivuta faili, akalitupa. Papo hapo Redio akashika koo. Hata ule mnong'ono mdogo uliobaki, ule wa kusikika na yeye mwenyewe tu ndani ya fuvu la kichwa, ulikatika. Alihisi kama mtu aliyefungiwa kwenye kabati, hewa inaisha. Alimpiga Mrefu begani, akamwonyesha kioo kwa kidole, na Mrefu akalirudisha haraka. Pumzi ikamrudia. Sauti haikurudi.

"Imo humo," Redio aliandika. "Ukilifuta, umenifuta."

Mrefu aliinama karibu na sikio lake, ingawa hakukuwa na mtu wa kuwasikia. "Bibi yangu alikuwa ananikataza kuamuru chumba kitupu," alinong'ona. "Nikimuuliza kwa nini, ananiambia unaweza ukatiiwa. Umemwambia jini atulie, Redio. Ametulia. Na hukumwambia tumemaliza."

Redio aliyasoma maneno yake mwenyewe upya kichwani. Waliomo wote watulie. Wote. Yeye mwenyewe alikuwemo.

Mchana walirudi studio ya zamani. Korido ilikuwa na kelele za watu wenye raha zao. Darasa la jirani walikuwa wakichambua video fulani na wimbo wake uligonga ukutani. Mrefu alifunga mlango, na wimbo ukakatika kama umekatwa kwa wembe. Harufu ya vumbi linaloungua iliwapokea. Kiti cha mcheza shoo kilikuwa pale pale, na maiki, na kapeti, na juu ya kapeti, mahali ambapo Redio alisimama siku ile, manyoya yalikuwa yamelala chini kwa umbo la nyayo kubwa mbili zilizokanyaga pale siku zote bila kusogea.

"Tumemaliza," alisema Mrefu. Hakikutikisika kitu.

"Tumemaliza!" alisema Redio kwa mdomo, kwa shingo, kwa mwili mzima. Hakikutoka kitu.

Aliyefungua ndiye afunge. Mrefu alikaa chini, mikono kichwani, halafu akainuka ghafla. "Subiri. Ngoja. Mazoezi yetu ya mwaka jana! Si uliwahi kurekodi kimya mara chungu nzima? Sauti yako si ipo kule, ile ya kabla ya haya?"

Wakafungua kompyuta ndogo ya Mrefu, yenye kazi zao zote, juu ya kapeti, mbali na zile nyayo, wakapekua. Na ilikuwepo. Ilikuwa sauti ya Redio wa zamani, mwenye majivuno, aliyeshiba: *Tumemaliza! Haya pumueni, msije mkanifia.* Kisha kile kicheko. Redio aliposikia kicheko chake, machozi yalimtoka. Alimwita Mrefu kwa mkono, wakaunganisha spika, wakapandisha sauti mpaka mwisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza.

*Tumemaliza!*

Na chumba kikapumua. Kilishusha pumzi iliyobanwa tangu siku ile, pumzi ndefu, ya moto, yenye vumbi, ikatoka kwenye trei za mayai na chini ya kapeti na ndani ya maiki ambayo haikuunganishwa na chochote, ikapita usoni pao ikaenda na kwenda bila kuisha, na manyoya ya kapeti pale penye nyayo yakainuka moja moja, na kiti kikasogea pembeni kama mtu anayepisha, na kisha, wakiwa wameshikana mikono kama watoto, wakasikia viatu vya kisigino kigumu vikianza kutembea, ko, ko, ko, vikapita kati yao, vikafika mlangoni, mlango ukafunguka, na vikaishia koridoni kwa mwendo wa mtu anayewahi nyumbani.

Mrefu alianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Limeondoka! Redio, limeondoka! Ongea. Ongea basi!"

Redio akafumbua mdomo.

Aliongea. Aliita. Alipiga yowe mpaka macho yakamwiva. Mrefu alimtazama, na tabasamu lake likaisha taratibu. "Labda inarudi polepole," alisema. "Labda kesho."

Lakini Redio alikuwa ameshavaa hedifoni, anasikiliza kile kimya. Kilikuwa kitupu. Kimya cha kawaida, cha chumba cha kawaida, hakina mtu. Hakina na yeye. Ndipo maneno ya Madamu yalipomrudia, na yakamkaa mwilini kama maji baridi. Sauti isiyo na mdomo. Neno walilolipiga kwenye spika lilitamkwa na sauti isiyo na mdomo, na kilichofunguliwa ni sauti. Mdomo haukufunguliwa na mtu. Mdomo ulikuwa bado umetulia, kama ulivyoamriwa.

Simu yake ikawaka mkononi. Mama. Alipokea kwa mazoea, akaiweka sikioni.

"Haloo?" Mama alikuwa anacheka. "Haloo? Nani huyo? Mwanangu, kuna mtu ameipokea simu yako, ila haongei!"

Na nyuma ya Mama, karibu sana naye, sauti ya Redio ikasema, "Kata tu, Mama. Si nimekwambia nimeibiwa?"

Redio alikimbia. Alimwacha Mrefu na nyaya zake, akapita koridoni, akapita getini, akaingia mtaani akikimbia bila kishindo, watu hawageuki, mbwa hainui sikio, mwendesha pikipiki anamkosakosa na kumtukana kwa kumtokea bila kusikika, na kila pumzi aliyovuta ilikuwa na harufu ya vumbi linaloungua mbele yake, kama kitu kilichomtangulia njia nzima na kuacha alama ili asipotee.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa mahali pake, ukingoni mwa kitanda, uso umemng'aa kama wa mtu aliyetoka kuugua. Chumba kilijaa sauti ya binti yake. Ilimsimulia habari za chuo, ilimwigiza Madamu, ilimtania Mrefu na milango yake, na Mama alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge.

"Siku zote hizi ulinitesa kwa nini, mwanangu? Nilidhani nimekupoteza."

"Koo tu, Mama. Limepona."

Redio alivuka chumba, akapiga magoti, akaishika mikono ya mama yake yote miwili.

Mama akapiga kelele. Alijivuta nyuma mpaka ukutani, akakunja miguu, akaanza kupapasa kitandani akitafuta kitu cha kujikinga. "Kuna mtu! Mwanangu, kuna kitu kimenishika, hakisemi! Kina mikono ya baridi! Kitoe! Kitoe!"

Redio alimwachia. Alibaki amepiga magoti pale, mikono hewani, anamtazama mama yake mzazi anavyomwogopa. Kuna mambo mtu hawezi kuyastahimili hata kwa dakika moja, na hilo lilikuwa mojawapo.

"Tulia, Mama," ilisema sauti, na safari hii ilitokea juu kidogo ya kichwa cha Redio, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma yake na kuinama. "Ni mimi niliyekushika. Nimetoka nje, nina baridi. Leta mkono, uniguse mdomo, uhakikishe."

Ilinyamaza. Ilikuwa inasubiri. Na Redio akaelewa inasubiri nini. Sauti ilikuwa imechoka kukaa bila mdomo. Angeweza kukataa. Angeweza kusimama, atoke, na kuanzia leo awe kitu kisichosema kinachopita kwenye nyumba ya Mama na kumtia hofu, huku Mama akikiita kitu kingine mwanangu. Au angeweza kukaa.

Mkono wa Mama ulikuwa unakuja, vile vidole viwili vimetangulia. Redio akasogeza uso.

"Umeona?" sauti ilisema, na midomo ya Redio ikafuata. "Ni mimi, Mama. Nani mwingine?"

Uso wa Mama ukalegea. Akashusha pumzi. Aliacha vidole pale pale na kusema, "Endelea, mwanangu, endelea kuongea," na sauti ikaendelea, na Redio akaifuata neno kwa neno, akibahatisha linalokuja, kama wale wasanii juu ya maboneti ya magari, jasho likimchuruzika, asithubutu hata kumeza mate.

Viatu vya Mrefu vikasikika uani. Aliinama mlangoni, anahema, akaona midomo ikienda, akasikia sauti, akapiga makofi.

"Imerudi! Jamani, imerudi!"

"Karibu, Mrefu," sauti ilisema. "Si ulisema itarudi polepole?"

Redio alimkazia macho. Aliyatoa macho yale kwa nguvu zote alizokuwa nazo, maana ndiyo pekee yaliyobaki kuwa yake, yakajaa machozi, na Mrefu akayaona machozi akadhani ni ya furaha, akaanza kujifuta yake. Tayari alikuwa ametoa simu. "Ngoja nimpigie Madamu, alikuwa na wasiwasi sana. Mama, nawaacha mfurahi!" Akainama tena, akatoka, akaenda zake akiongea kwa sauti ya juu mpaka mtaa wa pili.

Walibaki wenyewe. Sauti ilisimulia, mdomo ukafuata. Ilisema kesho itampeleka Mama kununua nyuzi. Ilisema haitamwacha tena peke yake. Mama alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mwanangu," kichwa amekiegemeza ukutani, ametulia kabisa, vidole viko mdomoni mwa binti yake.

Kisha vidole vile vikasimama. Vikasogea kidogo upande huu, vikarudi upande ule, kama alivyokuwa akipapasa mshono wakati wa ufundi wake, akitafuta ulipopinda.

"Mwanangu," Mama alisema polepole, "mbona mdomo wako unachelewa?"

Nyumba ikatulia. Harufu ya vumbi linaloungua ikapanda mpaka ikawasha pua. Halafu sauti ikacheka, kile kicheko cha Redio mwenyewe, cha zamani, maarufu, na yeye akafumbua mdomo haraka ili awahi kucheka nayo.